Jane Goodall na kumbukumbu za Gombe zilizoandikwa kwa Kiswahili

Mtafiti Mwingereza Jane Goodall, aliyeaga dunia Oktoba 1, 2025 akiwa na umri wa miaka 91, aliacha hazina isiyojulikana na wengi: kumbukumbu za maisha ya sokwe wa Gombe, magharibi mwa Tanzania, zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 60. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iliandikwa kwa Kiswahili.

Goodall aliwasili Kenya mwaka wa 1957 na kuajiriwa na Dkt Louis Leakey katika Makavazi ya Coryndon, Nairobi. Julai 14, 1960, bila shahada yoyote, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Miezi michache baadaye alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa unyasi. Hadi wakati huo, wataalamu waliamini kuwa binadamu pekee ndiye aliyeunda zana. Mwaka wa 1966 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada ya uzamifu.

Waandishi wa msituni

Mnamo Mei 1975, watu waliojihami kwa silaha kutoka Zaire walivuka ziwa na kuwateka nyara wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wageni waliondolewa Gombe. Kazi haikukoma. Wasaidizi Watanzania, miongoni mwao Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe na kunakili waliyoyaona: nani ameandamana na nani, wamekula nini, nani amezaa, nani amepigana. Waliandika kwa lugha yao, Kiswahili.

Karatasi haina maisha marefu penye unyevu na wadudu. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Anne Pusey alianza kukusanya nyaraka hizo katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Baadaye zilihamishiwa Duke, kisha Arizona State. Ziliingizwa katika kompyuta, na maelezo ya Kiswahili yakatafsiriwa.

Faida yake ilidhihirika mwaka wa 2009. Kwa kutumia kumbukumbu hizo, watafiti walibaini kuwa virusi vya SIV, vya jamii moja na vinavyosababisha Ukimwi, huwaua sokwe wa mwituni. Awali vilidhaniwa kutowadhuru. Jambo kama hilo halingegunduliwa kwa uchunguzi wa mwaka mmoja.

Mfano wa Machakos

Wakazi wa Machakos wana ushahidi wao wa thamani ya nyaraka kuukuu. Picha za vilima vyao zilizopigwa mwaka wa 1937 zilionyesha ardhi iliyomomonyoka. Watafiti walipopiga picha mahali pale pale mwaka wa 1991, walikuta matuta na miti, ilhali idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara sita tangu 1932. Lau picha za kwanza zingetupwa, juhudi za wakulima hao zingekosa shahidi.

Hata hivyo, kuhifadhi ni nusu tu ya kazi. Tafsiri ya Kiingereza humfaa mtafiti wa Arizona. Mwanafunzi wa Kigoma au Machakos anahitaji maandishi ya asili. Ni haki yake kuyasoma katika Kiswahili kilichotumiwa na wasaidizi hao, pamoja na majina ya walioyaandika.