Kengele ya mji
Juzi hapa Mutanga Nord vijana walinionyesha mchezo wa kompyuta, Age of Empires II. Unajenga mji, unalima, unaunda jeshi. Mwaka 2015 waliongeza Waethiopia na Wamali, nikafurahi. Ila humo humo unaweza kuongoza jeshi la Francisco de Almeida, Mreno aliyeteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Adui akija, unapiga kengele, wanakijiji wanajificha ndani ya jengo kubwa. Hakuna anayebeba mtoto na godoro kuvuka mpaka. Kijana mmoja akaniuliza: "Kaka, sisi tuliokimbia tuko wapi humu?" Sikuwa na jibu. Tukazima mashine, tukachukua daftari, kila mmoja akaandika jina la kijiji alikotoka.