Hesabu ya Baisikeli za Vita

Hesabu ni shahidi, na shahidi hana budi kuulizwa aliona nini kabla ya kusadikiwa. Katika habari za Vita Kuu ya Pili twasoma kuwa kampuni ya BSA ya Birmingham, Uingereza, iliunda baisikeli za kukunja kwa ajili ya askari wa miavuli kati ya mwaka 1942 na 1945. Mwandishi mmoja asema ziliundwa 60,000. Mwingine asema zilizidi 70,000. Tofauti hii si ndogo. Baisikeli moja ilikuwa na uzito wa kilo 14 na nusu hivi. Basi baisikeli 10,000 ni tani 145 za chuma, mpira na jasho la watu.

Chanzo kimoja cha hitilafu za namna hii ni kuchanganya mambo manne: baisikeli zilizoagizwa, zilizoundwa, zilizopokewa na jeshi, na zilizofika vitani. Agizo laweza kupunguzwa. Kilichoundwa chaweza kukataliwa na mkaguzi. Kilichopokewa chaweza kulala ghalani. Wala matumizi hayafichui idadi. Baisikeli hizi zilikusudiwa kuruka na askari kutoka angani, lakini tarehe 6 Juni 1944 askari wa miguu wa Kanada walizibeba mabegani wakishuka pwani ya Normandy. Huko Malaya nako, kati ya Desemba 1941 na Februari 1942, Wajapani waliteremka hadi Singapore kwa maelfu ya baisikeli, na nyingi zilinyang'anywa raia. Hizo hazimo katika daftari la kiwanda chochote cha silaha.

Daftari likikosekana, mtafiti hugeukia nambari za mfululizo zilizopigwa katika chuma. Njia hii ina sifa yake. Wakati wa vita wachumi wa Marekani waliokuwa London walikusanya nambari za vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa, wakakadiria kuwa Agosti 1942 viliundwa vifaru 327. Wapelelezi walikuwa wamesema 1,550. Vita vilipokwisha, daftari za Wajerumani zilionyesha 342.

Kanuni yake si ngumu. Tuseme tumeona baisikeli tano, na nambari kubwa kuliko zote ni 60. Twagawanya 60 kwa tano, twapata 12; twaijumlisha na 60, kisha twaondoa moja. Makadirio ni 71. Lakini kanuni yataka nambari zianze na moja, zisirukwe, na tulizoziona ziwe zimetokea kwa bahati tu. Kiwanda kikianza hesabu mahali pengine, au kikiacha nafasi kati ya aina moja na nyingine, nambari kubwa hutudanganya. Na baisikeli zilizosalia hazikuokolewa zote kwa bahati: wakusanyaji huchagua, na hupenda zilizo adimu. Kwa hiyo anayechukua nambari kubwa aliyoiona akaiita jumla, amepima kisima kwa kutazama kamba.

Pengine msomaji atauliza faida ya kusumbukia jambo hili, maadamu vita vimekwisha. Faida ni haki. Mnamo Novemba 1940 mabomu yaliangukia kiwanda cha BSA cha Small Heath, wakafa wafanyakazi 53. Wenzao waliobaki walirudi kazini, na kampuni hiyo ndiyo iliyounda baisikeli tunazozihesabu. Kuongeza 10,000 kwa wino ni kuwasifu kwa kazi wasiyoifanya. Kupunguza 10,000 ni kuwadhulumu kazi waliyoifanya.

Basi mwanafunzi wa historia na asiandike 60,000 wala 70,000 peke yake. Aandike ni hesabu ya nini, imetoka katika daftari gani au katika vyuma vingapi vilivyoonwa, na ni ya miaka ipi. Hapo mtafiti ajaye ataweza kuisahihisha. Hesabu isiyo na maelezo hayo hunakiliwa tu kutoka kitabu hadi kitabu, na kunakiliwa mara mia hakuiongezei ukweli.