Vijana na Mwaka wa Kujenga Taifa

Ninyi mnaokaa Kalemie, Moba, Baraka na Uvira mnajua kwamba ng'ambo ya ziwa letu kuna mji wa Kigoma. Siku hizi za karibuni nililala huko siku tatu katika nyumba ya rafiki yangu mmoja, Mtanzania. Nilipoingia nilikuta sanduku la bati limefunguliwa katikati ya sebule. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita, ndio mwaka wa mwisho wa masomo ya sekondari kwao, na jina lake lilikuwa limetokea katika orodha ya vijana wanaoitwa na Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Wenyewe hufupisha jina hilo kwa herufi tatu: JKT.

Mama yake alishika karatasi mkononi, akawa anataja kitu kimoja kimoja. Bukta ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ya kufika magotini. Fulana ya kijani. Raba za bluu. Shuka mbili za rangi ya bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo. Vyeti vya masomo na cheti cha kuzaliwa. Nauli ya kwenda na ya kurudi. Tena nguo za baridi kwa yule aliyepangiwa kambi ya mahali penye baridi. Binti huyu alipangiwa Mafinga, katika mkoa wa Iringa, na Mafinga iko juu milimani. Mama akakunja sweta mbili, halafu akaongeza ya tatu.

Baba alikaa pembeni akicheka. Yeye alikwenda JKT katika miaka ya 1980, kwa mwaka mzima. Binti yake alikuwa anaitwa kwa miezi mitatu tu. «Miezi mitatu ni matembezi», akasema. Mama akamjibu: «Baba watoto, usimtishe mwenzio. Wewe mwenyewe siku ile ulilia, mama mkwe aliniambia.»

Mimi nilinyamaza, kwa sababu lile neno «sheria» lilikuwa limenigusa. Kwetu Kongo, mtu akisema kwamba serikali inawaita watu kazini kwa sheria, wazee hawacheki. Wanakumbuka mashamba ya lazima, pamba hasa. Sheria ya mwaka 1917 iliwaruhusu wakubwa wa serikali ya Wabelgiji kuwalazimisha wanakijiji kulima siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita, siku hizo zikafanywa 120. Asiyelima alionja kifungo na kiboko. Baadaye, wakati wa Mobutu, ikaja salongo, kazi ya bure ya kila juma, na wengi waliifanya kwa kuogopa tu. Kwa hiyo nilimwuliza rafiki yangu: je, ninyi mlikubali namna gani? Akajibu: «Nani amekuambia kwamba tulikubali?» Usiku ule tukazungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Nami nataka kuwapa hapa habari hizo kwa taratibu, kwani ni historia ya kweli na inatuhusu.

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, mwaka mmoja na nusu baada ya uhuru wa Tanganyika. Mwanzoni hapakuwa na lazima. Walioingia ni vijana waliojitolea, wengi wao wa Umoja wa Vijana wa chama cha TANU, watu wa vijijini ambao hawakupata masomo mengi wala kazi ya mshahara. Walifyeka pori, walilima, walijenga, walijifunza kusoma, na tena walifundishwa kwata na ulinzi. Kambi ya Mgulani, Dar es Salaam, ndiyo iliyofungua njia.

Halafu likatokea jambo la kutisha. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mishahara mikubwa zaidi, na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Kwa siku chache serikali ilikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Julius Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza msaada, nao wakateremsha askari wao tarehe 25 Januari. Aibu hiyo haikusahaulika. (Wasomaji wa Kongo wataielewa upesi: Force Publique yetu iliasi mwezi wa Julai 1960, siku tano baada ya uhuru.) Jeshi la zamani likavunjwa, na jeshi jipya likajengwa kwa vijana waliopita katika mafunzo ya taifa. Tangu hapo JKT haikuwa tena shamba la vijana wasio na kazi. Ilikuwa mlango ambamo nchi iliwapima watoto wake.

Lakini wasomi hawakupita katika mlango huo. Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi.

Fikirini nchi yenyewe ilivyokuwa. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 na wanafunzi 14 tu, katika nyumba ya TANU, katika njia ambayo leo ina jina la Lumumba wetu. Miaka mitano baadaye wanafunzi walikuwa wamehamia kilimani, katika majengo mapya mazuri, na kila mmoja wao alijua kwamba akimaliza atapata kazi kubwa, gari na nyumba. Aliyelipa masomo yao ni mkulima wa kahawa na wa pamba, ambaye mtoto wake mwenyewe pengine hakufika hata darasa la nne. Basi mwaka 1966 serikali ikaleta mpango mpya: kila anayemaliza chuo kikuu, kidato cha sita au chuo cha ufundi wa kazi atatumika katika JKT miaka miwili. Miezi michache ya kwanza angekaa kambini. Muda uliobaki angefanya kazi ya elimu yake, lakini angepokea asilimia 40 tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Walichukua mabango. Bango moja lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwapokea pamoja na mawaziri wake, akawaacha wasome barua yao yote. Barua ilisema kwamba wasipobadilishiwa masharti, miili yao itakwenda kambini lakini roho zao zitabaki nje.

Nyerere alipoanza kujibu alikuwa mpole, halafu hasira ikampanda. Kwa ufupi aliwaambia hivi: yeye hatampeleka kambini mtu ambaye roho yake haimo, basi waende zao nyumbani. Na kuhusu mishahara aliwakubalia! Ndiyo, alikubali kwamba wakubwa wa serikali, naye akiwa mmoja wao, walilipwa kupita kiasi katika nchi ya maskini, akatangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wakubwa wengine wakapunguziwa nao. Wanafunzi wakafukuzwa chuoni, wakarudishwa kila mtu kwao. Baadaye wengi wao walisamehewa wakarudi kumaliza masomo.

Huenda msomaji atauliza: nani alikuwa na haki? Mimi naona kwamba wanafunzi walikosa kwa lile bango la ukoloni, na walikosa kwa kusahau mkulima aliyewasomesha. Lakini hawakukosa katika kila neno. Waliona mawaziri wakipita katika magari makubwa, wakajiuliza kwa nini kujitoa kuanze na kijana ambaye hajapokea hata mshahara wa kwanza. Nyerere mwenyewe alionyesha kwamba swali hilo lina nguvu, maana alilijibu kwa kukata mshahara wake. Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Na mwezi wa Machi yakafuata mafundisho yake juu ya elimu ya kujitegemea. Siwezi kusema kwamba maandamano yale yaliyazaa mambo hayo yote, ila anayesoma tarehe hizi zikifuatana ataona kwamba jeraha la Oktoba lilikuwa bado bichi.

Hivyo sheria ikasimama, na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano mtu aliyesoma Tanzania alijua kwamba kati ya darasa na kazi kuna kambi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilizidi kukaza: mwanafunzi wa kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda moja kwa moja chuo kikuu, kwanza JKT, halafu kazi, ndipo masomo. Katika vita ya Kagera, 1978 na 1979, vijana wa JKT nao walikwenda pamoja na askari na mgambo.

Mwaka wenyewe ulikuwaje? Rafiki yangu alinieleza akiwa amejilaza juu ya mkeka. Siku ya kwanza unanyolewa, na hapo mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mvuvi wanafanana vichwa. Unaitwa kuruta. Unalala katika hanga moja na watu ambao hukupata kuwaona, Mhaya, Mmakonde, Mnyakyusa, Mhehe. Usiku wa manane filimbi inalia. Mnatoka mchakamchaka, mnakimbia mkiimba mpaka jua linatoka. Halafu kwata, halafu jembe. Chakula ni ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Usiku mwingine unapewa zamu ya kulinda, na wewe unaogopa hata mbuzi akikohoa. «Miezi ya kwanza nilihesabu siku», alisema. «Baadaye nilisahau kuhesabu.» Lakini hakunificha upande mwingine: baadhi ya wakufunzi waliwatesa waliosoma kwa sababu tu walisoma, na siku nyingine mashimo yalichimbwa yakafukiwa bila faida yoyote.

Watanzania si peke yao waliofanya hivi. Nigeria, baada ya vita yake ya ndani ya 1967 mpaka 1970, ilianzisha utumishi wa mwaka mmoja kwa vijana wanaotoka vyuo vikuu. Jenerali Gowon alitoa amri hiyo tarehe 22 Mei 1973. Huko kijana hukaa kambini majuma matatu, ndipo hutumwa kufundisha au kufanya kazi nyingine katika jimbo lisilo lake. Kwa Nigeria shida ilikuwa kabila na kabila. Kwa Tanzania ilikuwa aliyesoma na asiyesoma.

Mwaka 1994 serikali ya Tanzania ilisimamisha kuwaita vijana kwa sheria, kwa sababu fedha hazikutosha. Kambi zilibaki na wa kujitolea. Karibu miaka ishirini ilipita, na kizazi kizima kilimaliza masomo bila kunyolewa. Mwaka 2013 mpango ukarudishwa na Rais Kikwete, na baadhi ya wabunge wakavaa sare wakaingia kambini ili waonyeshe mfano. Lakini haukurudi ulivyokuwa. Waliomaliza kidato cha sita wanakaa miezi mitatu, wala si mwaka. Mwanzoni kambi hazikuweza hata kuwapokea wote. Kwa vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho, matangazo ya JKT huelekeza waende kambi ya Ruvu, katika mkoa wa Pwani, ambako pana mahali pa kuwahudumia. Jambo hili nimelipenda.

Asubuhi ya siku ya tatu binti aliamka kabla yetu. Nilimsikia akitoka mlangoni. Alikuwa amekwenda kukimbia barabarani, kama alivyofanya kila siku tangu jina lake lilipotoka. Baba yake ndiye aliyemshauri hivyo, na tena alimshauri avae raba zake mpya kila siku ili zilegee, asije akachubuka miguu siku ya kwanza. Alimwambia pia amweleze mganga wa kambi mapema habari za kifua chake kinachobana wakati wa baridi, asifiche kwa kuona haya. Mambo haya hayakuandikwa katika karatasi.

Tulipokuwa tukinywa chai nilimwuliza rafiki yangu swali moja la mwisho. Kama yeye angekuwa chuoni tarehe 22 Oktoba 1966, angekwenda Ikulu na wenzake, au angebaki?

Alifikiri kitambo kirefu. «Ningekwenda», akasema. «Kijana mwenye majoho hawezi kubaki nyuma ya wenzake. Na kule kijijini baba yangu angenipokea kwa jembe.»

Mama alifunga sanduku, likakataa kufungwa. Ikabidi sweta moja itolewe.