Maitansini: Kutoka Miti ya Kwale hadi Dawa ya Saratani ya Matiti

Mwaka 1972, S. Morris Kupchan na wenzake nchini Marekani walitangaza kuipata maitansini, kampaundi inayozuia seli kugawanyika, katika mti wa jenasi *Maytenus* uliokusanywa Ethiopia. Kwa kuwa mti huo ulitoa kiasi kidogo mno, shehena kubwa zilihitajika ili majaribio yaendelee. Ndipo mti wa jenasi hiyohiyo, *Maytenus buchananii*, ulipovunwa kwa tani katika msitu wa Shimba Hills, Kwale.

Majaribio kwa wagonjwa yalidhihirisha sumu kali kuliko manufaa, na maitansini ikawekwa kando. Hata hivyo, mwaka 1977 watafiti wa Japani walikuwa wameripoti kwamba bakteria fulani huzalisha kampaundi za ukoo huohuo. Hivyo msitu haukuwa tena chanzo pekee. Baadaye wanakemia waliunganisha kampaundi ya ukoo huo na kingamwili inayoifikisha kwenye seli za saratani, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha trastuzumab emtansine kwa saratani ya matiti.

Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ilikuja baada ya miti kukatwa. Zaidi ya hayo, chanzo kinapohama kutoka mti hadi bakteria, dai la nchi ya asili hudhoofika. Kwa hiyo, mikataba ya ukusanyaji haina budi kutaja mapema kampaundi zitakazotokana na sampuli, si uzito wa magome pekee.