Usanifu na Muundo: Maneno Mawili Yaliyotenganishwa na Kompyuta za Sun

Mfasiri akabidhiwaye hati ya ununuzi wa kompyuta hakawii kukutana na neno ambalo Waingereza wamelichukua kutoka kwa wabunifu wa majengo, na ambalo sisi tumezoea kulifasiri kuwa usanifu. Katika tafsiri tulizopitia, wengine wameandika usanifu, wengine muundo, na wako walioyatumia yote mawili katika ukurasa mmoja kana kwamba ni pacha. Tumekusudia katika makala haya kuonyesha kwamba maneno hayo si pacha. Tutafanya hivyo kwa kufuata historia ya kompyuta za kampuni moja ya Marekani, Sun Microsystems, ambazo katika muda wa miaka kumi na mitano hivi zilibadilishwa mara nyingi, tena kila mara kwa namna tofauti. Jambo lenyewe si la wanaisimu peke yao. Mnunuzi akichanganyiwa maneno haya aweza kulipa fedha za umma kwa mashine nzuri isiyoweza kuendesha hata programu moja kati ya zile alizo nazo.

Neno hilo lilipata maana yake ya kudumu katika fani ya kompyuta mwaka 1964, pale Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Frederick Brooks walipoieleza mitambo ya System/360 ya kampuni ya IBM. Kwao, usanifu ni sifa za mashine kama azionavyo mwandishi wa programu: amri ambazo mashine huzielewa, rejista zilizopo, na namna anwani za kumbukumbu zinavyohesabiwa. Jinsi saketi zilivyopangwa ndani ili kuzitimiza amri hizo ni jambo jingine. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara. IBM ilitaka kuuza mashine kubwa na ndogo, za bei mbalimbali, zote ziendeshe programu zile zile.

Mchezaji wa bao atalifahamu jambo hili upesi. Ubao waweza kuchongwa kwa mninga, au mashimo yakafukuliwa mchangani. Kete zaweza kuwa komwe au vijiwe. Mchezaji hapotei, kwa kuwa kanuni ni zile zile. Lakini mtu akibakiza ubao na kete, kisha akabadilisha kanuni, hata fundi wa miaka mingi hawezi kusogeza kete. Kanuni ndizo usanifu. Ubao ndio muundo.

Kabla hatujaendelea, yatupasa kusema neno juu ya jina la mashine yenyewe. Kompyuta tunazozungumzia zilikuwa za mhandisi, mchoraji ramani au mtafiti mmoja, zenye nguvu kupita kompyuta ndogo za ofisini, zilizounganishwa kwa mtandao na kuwa na skrini kubwa ya michoro. Kisawe kinachopendekezwa mara kwa mara ni kituo cha kazi. Hatukipendi. Kila mtumishi wa serikali anajua kwamba kituo cha kazi ni mahali alikopangiwa kwenda kufanya kazi, na barua isemayo kwamba fulani amepewa kituo kipya cha kazi itamfanya afungashe mizigo. Hapa tutasema kompyuta ya mtaalamu, mpaka lipatikane jina bora.

Mfano wa kwanza mashuhuri wa kompyuta ya namna hiyo ni Alto, iliyotengenezwa na Xerox huko Palo Alto, California, mwaka 1973. Ilikuwa na kipanya, skrini ya nukta 606 kwa 808, na mtandao wa Ethernet. Haikuuzwa kama bidhaa ya kawaida, lakini walioiona hawakuisahau.

Mmoja wa waliofuata njia hiyo alikuwa Andy Bechtolsheim, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Aliibuni bodi ya kompyuta kwa ajili ya mtandao wa chuo hicho, na herufi za kwanza za jina la mtandao huo kwa Kiingereza ndizo zilizoipa jina kampuni ya Sun, iliyoanzishwa mwaka 1982. Mashine yake ya kwanza, Sun-1, ilitumia kichakataji cha Motorola kiitwacho 68000. Bodi zake zilichomekwa katika Multibus, yaani njia ya pamoja ambayo bodi zote huitumia kwa zamu kupelekeana data.

Kichakataji hicho kilikuwa na upungufu unaostahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mashine kubwa za wakati ule ziliweza kuendesha programu iliyo kubwa kuliko kumbukumbu iliyopo: sehemu isiyotumika hukaa katika diski, na programu ikiihitaji, kazi husimamishwa, sehemu hiyo huletwa, kisha amri iliyokatizwa huendelea kana kwamba hapakutokea kitu. 68000 kilipokatizwa katikati ya amri hakikuhifadhi habari za kutosha kuiendeleza amri hiyo. Apollo, kampuni iliyokuwa mshindani wa Sun, ilitatua tatizo hilo katika mashine yake ya kwanza kwa kuweka vichakataji viwili vya 68000, kimoja kikisubiri wakati cha pili kikileta sehemu iliyokosekana. Ni ufumbuzi wa gharama, lakini hatuwezi kuwanyima sifa ya werevu. Motorola ilipotoa 68010, dosari hiyo iliondoka, na Sun-2 ya mwaka 1983 ikajengwa juu yake.

Katika Sun-2 tunaona badiliko la kwanza lenye kutufaa. Mashine za awali za kizazi hicho zilitumia Multibus, na za baadaye zikatumia njia ya pamoja ya namna nyingine, VMEbus. Bodi za njia moja hazikuweza kuchomekwa katika nyingine. Hata hivyo programu hazikujali. Muundo ulibadilika, usanifu ukabaki.

Mwaka 1985 ilikuja Sun-3, yenye kichakataji cha 68020. Safari hii kichakataji kilipokea na kutoa biti 32 kwa mara moja, ambapo wale waliotangulia, ingawa rejista zao zilikuwa za biti 32, walipitisha data kwa mlango wa biti 16. Amri mpya ziliongezwa, lakini zile za zamani zitumiwazo na programu za kawaida zilieleweka kama kawaida. Usanifu ulipanuliwa bila kuvunjwa. Mojawapo ya mashine kubwa za kundi hilo, Sun-3/260, ilikuwa na mapigo milioni 25 kwa sekunde, na Sun ilitangaza kuwa hutimiza amri milioni 4 hivi kwa sekunde.

Kisha mwaka 1987 likatokea jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari hii yote. Sun iliacha vichakataji vya Motorola na kutumia cha ubunifu wake, SPARC, kilichotokana na utafiti wa David Patterson na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nadharia yao ilikuwa kwamba kichakataji kiwe na amri chache na nyepesi, nyingi zikamilike katika pigo moja, na kumbukumbu iguswe na amri za kupakia na kuhifadhi tu. Hesabu nyingine zote zifanyike ndani ya rejista. Usahili huo ulifika mbali: SPARC ya kwanza haikuwa na amri kamili ya kuzidisha namba nzima; kuzidisha kulifanywa hatua kwa hatua.

Mashine ya kwanza ya SPARC, Sun-4/260, iliwekwa katika kasha lile lile la Sun-3/260. Njia ya pamoja ilikuwa ile ile, VMEbus. Mtu aliyeingia chumbani na kuziona mbili zikiwa bega kwa bega angehitaji kusoma kibandiko ili azitofautishe. Mapigo yake yalikuwa machache zaidi, milioni 16.67 kwa sekunde, lakini amri zilizotimizwa zilitajwa kuwa milioni 10. (Ndiyo maana hatushauri mtu alinganishe idadi ya mapigo ya mashine zenye usanifu tofauti, ni sawa na kupima urefu wa safari kwa kuhesabu hatua za mtoto na za mtu mzima.) Lakini programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya Sun-3 haikuweza kuendeshwa hapo kabisa. Mwenye matini asilia ya programu ilimbidi aitafsiri upya kwa mashine hiyo. Asiyekuwa nayo alimtegemea muuzaji. Seva zilizohudumia kompyuta zisizo na diski za aina zote mbili zililazimika kuweka programu katika nakala mbili, moja ya sun3 na nyingine ya sun4.

Basi mfasiri aliyeandika kwamba Sun-4/260 ina muundo mpya angekuwa amekosea, kwa kuwa kasha na njia ya pamoja ni vya zamani. Na aliyeandika kwamba haina usanifu mpya kwa sababu kasha ni lile lile angemtia mnunuzi hasara. Hata neno kizazi hapa laleta mashaka. Sun-4 ilirithi nyumba ya Sun-3 bila kuwa mwanawe.

Miaka iliyofuata mambo yaligeuka kinyume. SPARCstation 1 ya mwaka 1989 ilikuwa kasha bapa mfano wa sahani kubwa. VMEbus iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na SBus, yenye kadi ndogo. SPARCstation 10 ya mwaka 1992 ilibebesha vichakataji juu ya vibodi vyake vyenyewe, ikaruhusu zaidi ya kimoja kufanya kazi pamoja. Mwaka 1995 ikaja Ultra 1, yenye kichakataji cha biti 64, na ndani yake data kati ya kichakataji na kumbukumbu hazikupita tena katika njia ya pamoja, bali katika swichi iunganishayo kila upande kwa njia yake. Mwenye kuendelea kuandika njia ya pamoja hapo atakuwa anafasiri mazoea. Katika mageuzi yote hayo, programu za kawaida zilizoandikwa kwa ajili ya SPARC za awali ziliendelea kufanya kazi. Kilichohitaji kubadilishwa kila mara ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho hushughulika na vifaa moja kwa moja.

Sun wenyewe walilazimika kutenganisha mambo haya. Mtumiaji aliyeiuliza mashine jina la usanifu wake kwa amri ya arch alijibiwa sun4. Akiongeza herufi k ili kuuliza habari za kiini, alijibiwa sun4c, sun4m au kadhalika. Walitumia neno moja kwa yote mawili, wakaongeza kivumishi. Wako wenzetu wanaopendekeza tufuate njia hiyo, tuseme usanifu wa amri na usanifu wa maunzi. Hoja yao ina uzito, kwani inahifadhi uhusiano na matini ya Kiingereza. Ila uzoefu wa hati za ofisini ni kwamba kivumishi hudondoka. Ukurasa wa kwanza huandikwa kwa ukamilifu, wa tano hubaki usanifu peke yake, na msomaji hajui ni upi. Sisi twapendelea usanifu kwa kanuni za amri na muundo kwa mpangilio wa vifaa, hata pale ambapo Kiingereza kinatumia neno moja.

Pingamizi moja limebaki. Sanifu kwa wasomaji wetu ni kwanza Kiswahili Sanifu, na usanifu waweza kueleweka kuwa hali ya kufuata kiwango. Katika hati za kompyuta, ambamo viwango hutajwa kila mahali, hatari hiyo ni ya kweli. Twashauri kiwango kiitwe kiwango, na kitendo cha kukiweka kiitwe usanifishaji, ili usanifu ubaki na kazi yake hii.

Mfano wa Ultra 5, iliyotoka mwaka 1998, utamsaidia mwalimu darasani. Ili kupunguza gharama, Sun waliiwekea nafasi za kadi za PCI na diski za aina iliyokuwa ikitumika katika kompyuta za kawaida za ofisini. Kadi ya skrini iliyonunuliwa kwa ajili ya kompyuta za kawaida iliingia katika nafasi yake bila kulazimishwa. Lakini programu ya kuiamsha, iliyochomwa ndani ya kadi hiyo, ilikuwa imeandikwa kwa amri za vichakataji vya Intel. Ultra 5 ilipowashwa, skrini iliyounganishwa na kadi hiyo ilibaki giza.