Stadi za Kusoma na Kuandika katika Masomo: Funzo la Tanzania, 1967–1990

Historia ya lugha ya kufundishia katika Afrika ya Mashariki imeandikwa mara nyingi kama historia ya ushindani baina ya Kiswahili na Kiingereza. Makala haya hayakusudii kuufufua mjadala huo, bali kuuliza swali lililofunikwa nao: ni nani aliyepewa jukumu la kumfundisha mwanafunzi namna ya kusoma na kuandika fizikia, hisabati au historia?

Nchini Tanzania, kufuatia Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge, na usanifishaji wa istilahi ukawa miongoni mwa kazi zake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hapana awezaye kuibeza kazi hiyo, kwani bila ya istilahi somo halina pa kushika.

Hata hivyo, istilahi siyo somo. Tulitazame neno "kazi". Mchukuzi aliyesimama tuli na gunia kichwani, kwa lugha ya sokoni, yumo katika kazi, tena ngumu. Kwa lugha ya fizikia, hafanyi kazi yoyote juu ya gunia hilo maadamu halisogei. Katika hisabati, "punguza 20 kwa 5" na "punguza 20 hadi 5" ni maagizo mawili: la kwanza hutupa 15, la pili hutupa 5. Katika historia nako, asomaye Habari za Pate hatosheki kujua maana ya maneno. Sharti akumbuke kwamba msimulizi wake alikuwa wa ukoo wa Wanabahani waliotawala mji huo, na aipime kauli yake kwa kumbukumbu hiyo. Stadi hizi tatu hazifanani, wala mwalimu wa lugha peke yake hawezi kuzifundisha zote.

Jambo hili lilikwisha kutambuliwa kwingineko. Huko Uingereza, kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilitoa taarifa mwaka 1975 ikipendekeza kila shule iwe na mpango wa lugha utakaomhusisha kila mwalimu, somo lake liwe lolote. Wakati huo Tanzania ilikuwa ikishughulika na swali la lugha ipi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika shule za sekondari. Mwaka uliofuata serikali ilikataa. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987 ulijibu hali hiyo hasa kwa kuwaimarisha walimu wa Kiingereza na kuleta vitabu vya ziada vya kusoma. Yaani mzigo ambao Bullock alitaka ubebwe na walimu wote ulirudishwa kichwani mwa mmoja.

Wasomaji wa Kenya wasilione jambo hili kuwa la jirani tu. Mtoto wetu aliyezoea hadithi katika miaka ya mwanzo hukutana ghafla na maelezo ya majaribio, ramani na majedwali. Akishindwa, husemwa kuwa hana akili ya sayansi au hana lugha. Yawezekana akili anayo na lugha anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha namna ukurasa wa sayansi unavyosomwa.

Kwa hiyo, lugha yoyote itakayochaguliwa, vyuo vya ualimu havina budi kumfunza mwalimu wa jiografia kufundisha usomaji wa jiografia, na mwalimu wa kemia uandishi wa taarifa ya jaribio. Idara zetu za lugha zina wajibu wa kuchunguza mitindo ya masomo hayo kwa bidii ile ile tunayoitumia kuchunguza ushairi. Kuchagua lugha ni uamuzi wa serikali. Kuifanya ifundishe ni kazi ya kila mwalimu.