Mcheza kwao hutunzwa: ombi la askari wa Saio

Katika mji wa Bukavu kuna kambi ya jeshi inayoitwa Saio. Mama wa soko, mwenye teksi, mwanafunzi, kila mtu anajua hilo jina. Unamwambia dereva, "Nishushe Saio," naye hakuulizi kitu. Lakini kila mwaka, nikifika kwenye somo la vita vya pili vya dunia, ninawauliza wanafunzi wangu: Saio ni nani? Mmoja anajibu kwamba alikuwa chifu. Mwingine anasema ni mzungu fulani wa zamani. Siku moja kijana mmoja alinijibu: "Mwalimu, ni jina la kambi tu, haina maana." Sikumkasirikia. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wake, ningejibu hivyo hivyo. Aliyenifundisha maana ya Saio ni mzee mmoja wa kartie yetu aliyenifuata nimwandikie barua.

1. Saio ni wapi?

Saio si mtu. Ni mji wa milimani magharibi ya Etiopia, ambao leo unaitwa Dembi Dolo. Mwezi wa tano 1940 Ubelgiji ulishindwa na Wajerumani, lakini Kongo, chini ya Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ilibaki upande wa Waingereza. Waitalia walikuwa wamekamata Abisinia tangu 1936. Mwanzo wa 1941 askari wa Force Publique walitumwa kuwapiga huko. Walipita Sudani kwa malori, kwa mashua za mto Nile, na kwa miguu. Asosa ilianguka mwezi wa tatu, Gambela nayo mwezi ule ule. Kisha mvua ikaanza. Barabara ziligeuka matope, chakula hakikufika, watu wakaugua tumbo na beriberi. Magonjwa yaliua wengi kuliko risasi. Hata hivyo hawakurudi nyuma. Tarehe 3 mwezi wa saba 1941 Jenerali Gazzera, mkubwa wa Waitalia wa upande huo, alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, yeye pamoja na majenerali wenzake, na maelfu ya askari wao.

Njo maana Kinshasa kuna avenyu Saio, avenyu Asosa, na soko la Gambela ambako watu wananunua pondu kila siku. Majina ya vita yalibaki. Majina ya watu waliopigana hayakubaki.

2. Hawakuwa wa kwanza, wala wa mwisho

Wababu wa hao askari walikuwa wamekwisha kwenda vitani. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo yalitoka pande za Kivu na Tanganyika, yakaingia Rwanda na Burundi, halafu yakasonga mpaka Tabora, wakaikamata tarehe 19 mwezi wa tisa. Nyuma yao walitembea wapagazi, watu wa vijiji vyetu, wenye kubeba unga, risasi na vipande vya mizinga kichwani. Wanahistoria wanahesabu wapagazi wapata 260,000 katika vita hiyo yote. Wengi walikamatwa kwa nguvu, na wengi hawakurudi. Ubelgiji ulipata Rwanda na Burundi. Mpagazi alipata nini?

Baada ya Saio, wengine walipelekwa Nigeria, Misri na Palestina. Kulikuwa pia na hospitali ya vita ya Wakongomani, watu wapata 350 pamoja na madaktari wao wachache wa Kibelgiji, waliofika mpaka Birmania, inchi inayoitwa leo Myanmar. Huko walitunza majeruhi wa divisheni ya Afrika ya Mashariki, ambamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa walikuwa wakipigana na Wajapani. Ninapenda kufikiri kwamba pale msituni, mgonjwa wa Kitanganyika na muuguzi wa Kikongomani waliweza kuulizana "Unaumwa wapi?" kwa Kiswahili.

Ombi la kutambuliwa nalo ni la zamani. Paul Panda Farnana, Mkongomani aliyesoma Ubelgiji, alijiandikisha mwaka 1914 kutetea inchi hiyo. Wajerumani walimkamata huko Namur, akakaa mfungwa mpaka vita ilipoisha. Mwaka 1919 yeye na wenzake waliunda Union Congolaise. Alisema wazi kwamba Mkongomani aliyemwaga damu anastahili kuheshimiwa kama mwengine. Alikufa 1930. Yule mzee wetu, nilivyokuja kuelewa baadaye, alikuwa anarudia maneno yale yale bila kumjua Panda.

3. Barua

Ilikuwa mwaka 2001. Nilikuwa mwanafunzi kwenye chuo cha ualimu, na jirani walijua kwamba ninaandika Kifaransa vizuri. Jioni moja mzee alibisha hodi, amevaa koti la zamani lililopigwa pasi. Alikuwa na zaidi ya miaka 80. Nilimpa kiti, akakataa kwanza, akasimama wima, mikono pembeni. Halafu akasema:

"Mwana wangu, uniandikie barua. Nilikuwa Saio. Bajue nilikuwa kule."

Akanieleza kwa muda wa majioni matatu. Chifu wao alikuwa ameambiwa atoe vijana kwa jeshi, akatoa wale wasiokuwa na baba wa kuwatetea. Yeye alikuwa mmojawapo. Kazi ilikuwa ya miaka saba. Alitoka kwao akijua lugha ya mama na Kiswahili kidogo, akarudi akihesabu na kuamrisha kwa Kilingala, lugha ya jeshi. Alinieleza mvua ya Abisinia, na rafiki yake waliyemzika kando ya kijito, wakaweka jiwe moja juu, basi. Kuhusu kuua hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Medali yake na kitabu chake cha askari vilipotea mwaka 1967. Wakati ule mamluki wa Schramme walikuwa wamekamata Bukavu, na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Nani angebeba sanduku la karatasi? Lakini namba yake ya jeshi aliikumbuka. Nilipomuuliza, alisimama tena, akaisema kwa Kilingala, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu aliye mbele ya sajini. Nikaiandika.

Tuliandika barua mbili, moja kwa ofisi ya inchi yetu, nyingine kwa ofisi ya kigeni. Wakati ule inchi ilikuwa imegawanyika kwa vita, posta haikufanya kazi, tukampa msafiri mmoja. Upande wa kwanza walimjibu kwa mdomo: "Muzee, wewe ulipigania Wabelgiji, ukaulize kwao." Upande wa pili ulijibu kwa karatasi nzuri, baada ya miezi mingi: wanamshukuru, wanaomba alete asili ya kitabu chake cha askari.

Nilimsomea ile karatasi. Akauliza, "Na namba? Namba hawakuona?" Nikamwambia wameiona, lakini wanataka kitabu. Akanyamaza. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Kumbe mimi siko kitu, kitabu njo kilipigana."

4. Swali la wanafunzi

Nikiwaeleza wanafunzi habari hii, mmoja wao huwa anainua mkono: "Mwalimu, lakini si walipigania wakoloni? Force Publique si ile iliyopiga babu zetu fimbo?" Ni swali zuri, na mwalimu asilikimbie. Ndiyo, ni jeshi lile lile. Liliundwa wakati wa Leopold II, na historia yake katika vijiji vyetu ni ya fimbo, ya mpira na ya vijiji kuchomwa. Askari huyo huyo aliyeshinda Saio aliweza kutumwa kesho yake kukamata watu wa kazi ya kulazimishwa. Na yeye mwenyewe alipigwa fimbo na wakubwa wake. Mpaka uhuru, mwaka 1960, hapakuwa hata ofisa mmoja Mkongomani katika jeshi hilo, na uasi wa askari wa mwezi wa saba mwaka ule hauwezi kueleweka kama tunasahau jambo hili.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Kumheshimu mtu si kusifu bwana wake. Kijana aliyetolewa na chifu hakuchagua vita, ila aliyoyafanya pale ni yake: alitembea, aliugua, alimzika mwenzake, hakuwaacha wengine. Tukimnyima hilo kwa sababu wakoloni walimtumia, tunamfanya kuwa chombo mara ya pili, na safari hii kwa mikono yetu sisi wenyewe.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, na waliporudi, kwao walisema "mulicheza ya wengine", na wenye ngoma walisema "mulete karatasi". Kwa hiyo hawakutunzwa popote.

5. Medali ya 2022

Tarehe 8 mwezi wa sita 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji, akiwa Kinshasa, alimvalisha Koplo Albert Kunyuku medali ya kikomandeeri ya Taji. Kunyuku alikuwa na miaka 100, na alikuwa ametumika Birmania. Miaka 77 ilikuwa imepita tangu vita kuisha. Niliona picha yake katika kiti chake, medali shingoni. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Lakini nilijiuliza: heshima inayongoja mpaka abaki mmoja, ni heshima ya nani? Mmoja ni rahisi kumpa medali. Maelfu ni deni.

Mzee wetu hakuiona siku hiyo. Alikufa 2004. Alichoomba hakikuwa feza kwanza, ingawa feza angeipokea, maana nyumba yake ilivuja. Aliomba mtu mwenye mamlaka aseme: ndiyo, ulikuwa kule. Kwa desturi yetu, mtu akitoka safari ya mbali anapokelewa, anapewa maji, anakaa kwenye barza, na watu wanamwambia "tueleze". Yeye alingoja neno hilo kwa miaka 60.

6. Tufanye nini?

Serikali mbili zitafanya zitakavyofanya. Sisi wasomi wa hapa tuna kazi yetu. Karibu wote wamekwisha kufa, lakini watoto na wajukuu wao wako. Katika nyumba nyingi kuna picha ya mtu aliyevaa kaptula na kofia ndefu, kipande cha medali, jina la mji ambao hakuna anayejua ulipo. Walimu, wapeni wanafunzi kazi hiyo: waulize bibi, waandike jina, kijiji, mwaka, mahali alipokwenda. Daftari moja kwa kila shule. Ofisi ilitaka kitabu, basi tuandike vitabu hivyo sisi, hata kama tumechelewa.

Siku ya kumzika mzee, familia waliniomba niandike msalaba, kwa sababu ya mwandiko wangu. Niliandika jina lake, chini yake neno SAIO 1941, na chini kabisa ile namba, tarakimu zote. Simu za mkono zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea mjini. Mtoto mmoja alisoma, akauliza kama hiyo ni namba ya simu ya babu. Watu walicheka kidogo. Mimi nilimwita pembeni, nikaanza kumweleza.